Nyumba Tatu za Ezekiel Mphahlele: Somo la Mwandishi wa Uhamishoni kwa Mwambao wa Rumonge

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilikutana na neno la Kiswahili mahali nisipolitarajia. Nilikuwa nasoma kitabu cha Kifaransa kuhusu fasihi ya Afrika Kusini, nikitafuta habari za mtihani tu, macho yangu yakaangukia neno "Chemchemi". Hiki kilikuwa kituo cha sanaa mjini Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1963. Mkurugenzi wake wa kwanza hakuwa Mkenya wala Mswahili. Alikuwa mwandishi wa Afrika Kusini aliyeondoka kwao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, akaishi Nigeria, kisha Paris, ndipo akaja Afrika Mashariki. Jina lake Ezekiel Mphahlele, ambaye baadaye alijiita Es'kia.

Nilifunga kile kitabu cha mtihani, nikaanza kumfuatilia mtu huyu. Katika insha hii nataka kueleza nilichokipata. Swali langu ni moja lenye sehemu mbili: mwandishi aliyetoka kwao anahitaji nini ili asiache kuandika, na anaandika kwa lugha ya nani? Sikulichagua swali hili kwa sababu ya ugeni wake. Nimelichagua kwa sababu lilikuwa nyumbani kwetu kabla sijajua kusoma.

Bibi yangu mzaa baba alivuka ziwa mwaka 1972. Machafuko ya mwaka ule yalianza mwishoni mwa Aprili katika maeneo haya haya ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Wengine, kama jamaa zetu, walijichanganya na wenyeji katika vijiji vya mwambao wa Kigoma. Huko ndiko alikokulia baba, na huko ndiko nilikozaliwa mimi. Tulirudi Rumonge mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka tisa. Nilijua kusoma na kuandika Kiswahili vizuri, Kirundi nilikisikia nyumbani, na Kifaransa sikukijua hata kidogo. Niliwekwa darasani pamoja na watoto wadogo kuliko mimi, wakaniita "Mtanzania". Mwalimu mmoja alinirudishia insha yangu ya kwanza bila kuisoma, kwa sababu niliiandika kwa lugha niliyoijua. Kule ng'ambo walituita Warundi, na hapa tukawa Watanzania. Nilipokuwa nikisoma maisha ya Mphahlele, basi, sikuwa nasoma habari za mtu wa mbali sana.

Kabla ya kuondoka

Mphahlele alizaliwa tarehe 17 Desemba 1919 huko Marabastad, mtaa wa watu weusi mjini Pretoria. Sehemu ya utoto wake alichunga mbuzi kijijini kwa bibi yake mzaa baba, kaskazini mwa nchi, kisha akarudi mjini. Alisoma kwa shida, akawa mwalimu katika shule ya sekondari ya Orlando. Mwaka 1952 alifukuzwa kazi pamoja na wenzake kwa kupinga mfumo wa elimu duni ambao serikali ya makaburu iliwaandalia Waafrika. Alifanya kazi katika jarida la Drum mjini Johannesburg kuanzia mwaka 1955, akihariri hadithi fupi, huku akiendelea na masomo mpaka akapata shahada ya uzamili. Lakini kazi aliyoipenda ni kufundisha, na hiyo alikuwa amezuiwa. Mnamo Septemba 1957 alihamia Nigeria.

Wanafunzi wenzangu wazingatie jambo hili. Mphahlele hakufukuzwa nchini kwa bunduki kama bibi yangu. Alifungiwa mlango wa darasa, akaona kwamba kubaki ni kunyamaza. Kitabu chake maarufu, Down Second Avenue, kilichotoka mwaka 1959, kinasimulia maisha ya Marabastad, lakini kilikuja kukamilika akiwa ugenini.

Nyumba ya kwanza: Ibadan

Nigeria aliyoikuta ilikuwa inaelekea uhuru wa mwaka 1960. Alifundisha shule Lagos, kisha akajiunga na chuo kikuu cha Ibadan katika idara ya elimu ya watu wazima, kazi iliyompeleka kwa watu wa kawaida waliotaka kusoma baada ya saa za kazi. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya Mbari mjini Ibadan, akawa mwenyekiti wake wa mwanzo. Katika kundi hilo walikuwemo Ulli Beier, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, J. P. Clark na Chinua Achebe. Walikutana katika jengo lililokuwa mkahawa, karibu na soko la Dugbe. Hapo palikuwa na maktaba, maonyesho ya picha, jukwaa la michezo ya kuigiza, na kazi ya kuchapisha vitabu. Wachoraji kama Uche Okeke, Demas Nwoko na Bruce Onobrakpeya, ambao wakiwa wanafunzi Zaria walikuwa wamekataa kuchora kwa kuiga tu walivyofundishwa na Wazungu, walipata mahali pa kuonyesha kazi zao.

Neno "mbari" ni la Kiigbo. Linataja nyumba iliyojengwa na wanajamii na kujazwa sanamu za udongo kwa heshima ya mungu wa kike wa ardhi. Ikishakamilika, nyumba hiyo huachwa ichakae, kwa kuwa thamani yake iko katika kuijenga kwa pamoja. Naona jina hilo lilifaa. Klabu yenyewe haikudumu miaka mingi, lakini vitabu na watu waliopitia pale walidumu.

Kwa maoni yangu, Ibadan ndiko Mphahlele alikojifunza jambo atakaloliendeleza baadaye. Mwandishi mgeni asikae na daftari lake peke yake. Awakaribishe wachoraji, wanamuziki na waigizaji, nao wamfundishe mambo ambayo waandishi peke yao hawawezi kufundishana.

Nyumba ya pili: Paris

Agosti 1961 alihamia Paris na familia yake, akiwa mkurugenzi wa programu ya Afrika katika shirika lililoitwa Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Walikaa katika nyumba ya ghorofa kwenye barabara ya Montparnasse. Mtaa huo ulikuwa na sifa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wachoraji kama Picasso na Modigliani, na waandishi wa Kimarekani waliokuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliishi na kubishana humo. Waliokuja kwa Mphahlele, hata hivyo, walikuwa watu wengine. Nyumba yake iligeuka njia panda ya Waafrika: Soyinka na Clark wakipita kutoka Nigeria, mshairi Lenrie Peters wa Gambia, Mazisi Kunene wa Afrika Kusini, na wachoraji wawili ninaotaka tusimame kwao kidogo.

Wa kwanza ni Gerard Sekoto. Alizaliwa mwaka 1913 Afrika Kusini. Mwaka 1940 jumba la sanaa la Johannesburg lilinunua picha yake, na ilikuwa ni mara ya kwanza jumba hilo kununua kazi ya mchoraji mweusi. Mwaka 1947 alikwenda Paris, na hakurudi kwao tena hadi alipofariki mwaka 1993. Miaka ya mwanzo alijipatia riziki kwa kupiga piano katika baa. Kwa miaka mingi aliendelea kuchora mitaa ya Afrika Kusini ambayo hakuwa akiiona.

Wa pili ni Skunder Boghossian wa Ethiopia, aliyezaliwa mwaka 1937. Alisomea London kabla ya kuhamia Paris, ambako alikutana na wasanii wa mkondo wa surealisti, wale waliochora ndoto na mambo yaliyofichika nyuma ya akili ya kawaida. Kazi za Wifredo Lam wa Kuba, aliyechanganya mkondo huo na mizimu ya asili ya Afrika, zilimgusa sana. Skunder hakuacha Ethiopia alipoingia katika sanaa hiyo mpya. Alichukua michoro ya makanisa ya kwao na hati za ngozi, akavichanganya na ndoto za Paris, kikatoka kitu ambacho hakikuwa cha Addis Ababa wala cha Paris. Katika miaka hiyo ya 1960 majumba makubwa ya sanaa ya Paris na New York yalianza kununua picha zake.

Tukiwaweka wawili hao pamoja, tunaona njia mbili za kuishi ugenini. Sekoto alikumbuka na Skunder alichanganya. Mphahlele aliwakaribisha wote wawili, na nadhani yeye mwenyewe alisimama katikati. Alikuwa na ugomvi wa wazi na falsafa ya négritude, iliyokuwa na nguvu katika Paris ya Waafrika wanaotumia Kifaransa. Hoja yake, aliyoieleza katika kitabu The African Image cha mwaka 1962 na katika mkutano wa Dakar mwaka uliofuata, ni kwamba Mwafrika aliyekulia mjini, katikati ya treni, polisi na magenge, haelezeki kwa kusifu tu uzuri wa asili yake. Alitaka fasihi ikubali pia uchafu, hasira na mchanganyiko.

Isidhaniwe kwamba Paris ile ilikuwa pepo ya wasanii. Vita vya Algeria vilikuwa vinaendelea. Tarehe 17 Oktoba 1961, wiki chache baada ya familia hiyo kufika, polisi wa Paris waliwashambulia Waalgeria waliokuwa wakiandamana, wakawaua wengi, baadhi yao wakitupwa mtoni Seine. Mji uliowapokea wasanii weusi ndio huohuo uliowaua wafanyakazi wa Kiafrika barabarani.

Tena tukumbuke kwamba wageni wa nyumba ile walikula. Vitabu vinataja majina ya washairi na wachoraji. Mke wa Mphahlele, Rebecca, ambaye kwa taaluma alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, hutajwa kwa ufupi tu. Alihama mara zote hizo akiwa na watoto wadogo. Kila nikisoma "nyumba ya Mphahlele ilikuwa njia panda ya wasanii", namfikiria bibi yangu, ambaye nyumba yake kule Kigoma ilikuwa njia panda ya wakimbizi, na sijui mtu aliyewahi kuuliza unga ulitoka wapi.

Makerere, na lugha iliyoachwa nje

Kutoka Paris, Mphahlele aliratibu mkutano mkubwa wa waandishi uliofanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, mwezi Juni 1962. Walikuja Achebe, Soyinka, Okigbo, Lewis Nkosi, na Langston Hughes kutoka Marekani. Kijana Ngũgĩ, aliyeitwa James wakati huo na alikuwa bado mwanafunzi, alitumia nafasi hiyo kumpa Achebe mswada wa riwaya yake. Fasihi ya Afrika tunayofundishwa leo ilipata sura yake pale kwa kiasi kikubwa.

Lakini mkutano ule ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika kwa Kiswahili vitabu vingi kuliko karibu kila mtu aliyeketi katika ukumbi ule, hakuwemo. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema jambo hili kwa uchungu miaka mingi baadaye, alipoamua kuandika kwa Kigĩkũyũ. Mwanafunzi aliyechapisha hadithi mbili kwa Kiingereza aliweza kuketi pale. Bingwa wa Kiswahili, katika eneo ambalo Kiswahili kinazungumzwa, hakuweza.

Mwaka 1963 mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, aliandika katika jarida la Transition la Kampala kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea ukutani. Mphahlele alikuwa miongoni mwa waliomjibu na kutetea Kiingereza. Kwake Kiingereza kilikuwa chombo kilichowaunganisha watu ambao serikali ya makaburu ilitaka kuwatenganisha kwa makabila na lugha zao. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Nchini kwake, kumfundisha mtoto kwa lugha ya mama kulikuwa kumefanywa silaha ya kumnyima elimu. Mtu akikataa lugha ya mama katika hali hiyo, anakataa gereza.

Hata hivyo nadhani alikosea alipolibeba jibu la Pretoria na kulileta kwetu. Huku kwetu ilikuwepo lugha ya Kiafrika ambayo haikuwa ya kabila moja, na iliyokuwa ikiunganisha watu bila kumwomba mkoloni ruhusa. Wafanyabiashara waliitumia kutoka Ujiji hadi Uvira, na Rumonge ilikuwa moja ya vituo vyao. Mpaka leo Kiswahili ndicho lugha ya soko la Rumonge: mnunuzi wa mawese kutoka Bujumbura, mvuvi kutoka Kongo na mwenye duka mwenye asili ya Kigoma hawahitaji mkalimani.

Nyumba ya tatu: Nairobi

Mwaka 1963, Kenya ikielekea uhuru, Mphahlele alihamia Nairobi kuanzisha Chemchemi. Kituo kilikuwa na ukumbi wa picha, kikundi cha michezo ya kuigiza na warsha za waandishi. Yeye mwenyewe alisafiri kwenda shuleni, nje ya jiji, kuwafundisha vijana na walimu namna ya kuandika hadithi na kutunga michezo. Huu ndio upande wa kazi yake ninaoupenda kuliko yote. Hakungoja vipaji vimfuate mjini.

Hapa inanibidi nitaje jiwe moja. Ukitoka Bujumbura kwa basi kuja Rumonge, kabla hujaenda mbali unapita Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wale wawili walilala pale, wakaendelea na safari, wakaandika vitabu. Mwambao wetu umo katika vitabu hivyo. Majina ya wapiga makasia waliowafikisha hayakuchongwa kwenye jiwe. Kuna mgeni anayepita akaandika juu yako, na kuna mgeni anayekuwekea meza ili uandike wewe. Mphahlele alikuwa wa aina ya pili. Kwa sababu hiyo namsamehe makosa mengi.

Alikaa Chemchemi hadi mwaka 1965, akafundisha chuo kikuu Nairobi kwa muda, na mwaka 1966 akaenda Denver, Marekani, kusomea udaktari. Aliwasilisha riwaya, The Wanderers, kuwa tasnifu yake. Jina lenyewe linataja watu wasio na kituo. Mwaka 1965 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, pamoja na wenzake walianzisha kituo kingine Nairobi, wakakiita Paa ya Paa. Wasomaji wa Kiswahili wataona mchezo wa maneno uliomo, mnyama paa na kitendo cha kupaa. Wakati huu wenyeji wenyewe ndio walioshika meza.

Nani alilipa?

Siwezi kumaliza habari za nyumba hizi bila kutaja fedha. Miaka ya 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba Kongamano la Uhuru wa Utamaduni lilikuwa likifadhiliwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kama sehemu ya vita baridi dhidi ya Wasovieti. Fedha za Kongamano hilo zilikuwa zimeisaidia Mbari, mkutano wa Makerere, jarida la Transition na Chemchemi. Mphahlele alijibu katika Transition. Alikiri kwamba walidanganywa, lakini akashikilia kwamba hawakufanya jambo lolote ambalo wasingelifanya kama fedha zingetoka kwingine.

Tulipojadili jambo hili na wenzangu, mmoja alisema basi kazi yote ile ni najisi. Mimi sikubaliani naye. Picha za Uche Okeke hazikuchorwa na CIA. Lakini pia siridhiki na jibu la Mphahlele. Anayelipa huenda asiandike neno hata moja, ila ndiye anayechagua ni nani ataitwa. Mkutano uliogharimiwa kwa siri na Marekani ulialika waandishi wa Kiingereza. Sidhani kwamba mfadhili alimwonea Shaaban Robert chuki, ila hakuwa na haja naye. Sisi wa eneo hili la misaada mingi tunalijua jambo hili. Nimekulia kwenye mahema yenye nembo na mifuko ya mahindi yenye nembo. Chakula kile kilitushibisha kweli, na aliyekitoa ndiye aliyeamua saa ya kula.

Kurudi

Serikali ya makaburu ilipiga marufuku kumnukuu Mphahlele nchini mwake kuanzia mwaka 1966. Watu wa kwao, wale aliowaandika, hawakuruhusiwa kumsoma. Alifundisha Zambia, Denver tena, kisha Pennsylvania, akiwa na cheo kizuri. Na Agosti 1977, mwaka mmoja tu baada ya wanafunzi wa Soweto kuuawa kwa risasi, alirudi Afrika Kusini. Wenzake wengi wa uhamishoni walikasirika. Waliona anawapa makaburu sifa wasiyostahili. Yeye alisema kwamba mahali pana nguvu juu ya mwandishi kama mtawala mkali, na kwamba alikuwa amechoka kufundisha watoto wa watu wengine kumbukumbu za kwao. Alipofika, serikali ilimzuia kuchukua nafasi ya uprofesa aliyoiomba, akafanya kazi ya ukaguzi wa shule kabla ya kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alifariki tarehe 27 Oktoba 2008, katika eneo la kaskazini ambako aliwahi kuchunga mbuzi.

Likizo iliyopita nilimsimulia bibi habari hizi. Hasikii vizuri siku hizi, ikabidi niseme kwa sauti kubwa, jirani wakasikia wote. Hakuuliza habari za Paris wala za CIA. Aliuliza swali moja: "Alikuta nyumba yake?" Nikamwambia hapana; wakazi weusi wa Marabastad walianza kuhamishwa tangu miaka ya 1940, na mtaa alioukumbuka katika kitabu chake haukuwepo tena. Bibi akanyamaza. Sisi nasi tuliporudi tulikuta familia nyingine katika shamba letu la michikichi, watu ambao hawakuwa na kosa, ambao walizaliwa pale. Tuligawana kwa maelewano. Baada ya muda bibi alisema, "Basi yeye alirudi kwa watu, si kwa nyumba." Nimesoma makala kadhaa kuhusu uamuzi wa Mphahlele wa mwaka 1977, na sijaona iliyoueleza vizuri zaidi.

Funzo kwa mwambao wetu

Burundi nayo imewahi kuwa na meza zake. Bujumbura kulikuwa na mkahawa wa fasihi ulioitwa Samandari, ambako waandishi vijana walisomeana kazi zao. Baada ya matukio ya mwaka 2015, baadhi ya waandishi wetu, kama mshairi Ketty Nivyabandi, walijikuta ng'ambo. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura na kuondoka akiwa kijana mwaka 1995, aliandika riwaya yake ya Petit Pays kwa Kifaransa mwaka 2016, na dunia ikaisoma. Nafurahia mafanikio hayo. Lakini wote hao wanaandika hasa kwa Kifaransa au Kiingereza, na shuhuda za watu wa Rumonge, waliovuka ziwa wakaishi miaka 37 katika Kiswahili na Kirundi, bado ziko midomoni mwa wazee wanaoondoka mmoja mmoja.

Hapa ndipo ninapojibu swali langu. Kwanza, mwandishi aliyetoka kwao anahitaji meza, nayo inaweza kuwekwa popote: mkahawa wa zamani sokoni Ibadan, sebule ya Montparnasse, ukumbi wa Nairobi. Hata kibanda cha kukaangia dagaa kinafaa. Meza hiyo iwakutanishe watu wa sanaa tofauti, na wanaoketi wajue nani anailipia. Pili, kuhusu lugha, siwezi kumfuata Mphahlele. Yeye alikuwa na sababu zake Pretoria. Mimi nina sababu zangu Rumonge. Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu zangu. Kilikuwa lugha ya uhamishoni mwetu, na kwa sababu hiyohiyo ndicho kinachojua yaliyotupata huko. Tangu Burundi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tunaambiwa Kiswahili ni lugha ya biashara na ajira. Ni kweli, lakini ni pia lugha ya kumbukumbu.

Nimeanza kuandika maisha ya bibi kwa Kiswahili. Ninapomsomea, ananisahihisha. Nilipoandika kwamba usiku ule wa 1972 walivuka na kikapu cha migebuka waliokaushwa, alinikatiza: upande huu ziwani samaki yule anaitwa mukeke, na alikuwa bado hajafika ng'ambo alipomfunga kikapuni. Alikuwa sahihi. Nimeandika mukeke mwanzoni mwa safari na mgebuka mwishoni mwake. Siku ya Jumamosi wenzangu watatu, mmoja wao mchoraji wa mabango ya maduka, wanakuja kuisikiliza sura ya kwanza. Bibi ameshauliza watakula nini. Safari hii nitapika mimi.